Jina la Siku ya Saba

Jumatatu, 3 Februari
Nimefua mashuka. Nimelisha uji wagonjwa wawili. Mama Zaitun wa kitanda cha dirishani amekataa. Saratani ya koo. Anauguzwa na bintiye Hadija, anayelala mkekani chini ya kitanda kama ndugu wote wanaouguza hapa Kampala. Wananiita musawo, kama daktari. Nimewaambia mimi najitolea tu, nimetoka Tanga. Hawasikii.

Jumanne, 4 Februari
Hadija amejifungua. Mkekani, wodi ya saratani, mchana kweupe! Hatukujua ana mimba. Baibui lilificha kila kitu. Nilipokea kichwa kwa mikono mitupu, nesi amekimbilia glavu. Wa kike. Njiti, mdogo mno. Wamempeleka jengo la wazazi, kwenye mashine ya joto.

Hadija alilia kwa aibu. Hana mume. Mama yake alicheka hadi akakohoa. "Banange! Nilijua. Kansa iko kwa koo yangu, si kwa macho." Akamvuta sikio. Basi, amemsamehe.

Jumatano, 5 Februari
Bibi habebeki. Mtoto hawezi kutolewa. Kati yao ni ua wa hospitali tu. Mama Zaitun anataka kumpa jina, lakini siku ya saba, si kabla. "Sisi Wanubi tunangoja." Anataka kufika Jumatatu. Hilo tu.
Uji ameumaliza wote.

Ijumaa, 7 Februari
Leo hamezi hata maji. Naogopa.

Jumamosi, 8 Februari
Mtoto amefariki asubuhi. Hadija ameketi sakafuni kule jengo la wazazi, hataki kuguswa. Ameniomba jambo moja: mama asijue.

Niliporudi wodini Mama Zaitun aliniita kwa kidole. Sauti imebaki pumzi. "Musawo, Jumatatu iko mbali. Mungu atanisamehe. Ambia Hadija mtoto anaitwa Safia." Kisha: "Ananyonya?"
Nikasema ananyonya.
Najichukia. Ningesema tena.

Jumapili, 9 Februari
Mama Zaitun amefariki kabla ya adhuhuri. Sikuwepo. Nilikuwa nafua.

Jumatatu, 10 Februari
Hadija amekuja kuchukua vitu vya mama yake. Kikombe, tasbihi, khanga mbili. Kifua chake kimelowa maziwa. Nimempa khanga moja ajifunike, nikamwambia jina.
Akalitamka mara moja, polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Akangoja kidogo.
Kisha tukafunga mzigo.