Ada kwa Jina la Khalfan

Khalfan, ndugu yangu,

Tangu Alkhamisi situlii pahala pamoja. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui naenda wapi, na nikisali nasahau rakaa nimefika ya ngapi. Mke wangu kaniambia nikazunguke nje, amechoka nami kumzungukia sebuleni. Basi nimekuja ofisini, nimefunga mlango, nakuandikia. Nimekufanyia jambo, na hukuwepo kunizuia.

Unaujua uwanja wetu wa chuo: ngazi za saruji upande mmoja, jua pande zote. Sasa wanataka kuupanua. Jukwaa kubwa lenye paa, viti, taa. Tajiri mmoja alisema atalipa yeye, watu wakampigia makofi, na tangu siku ile simu zetu hapokei. Ndipo mkuu wa chuo akaleta shauri barazani: kila mwanafunzi alipe ada ya uwanja kila muhula, apende mpira asipende. Kiti cha walimu katika baraza kilikuwa chako. Ulipofariki nikapewa mimi. Shauri kama hili wewe ulilikataa mara mbili. "Mwenye kutaka kiti akilipie," ulisema, na mimi nikakucheka nikakuita bahili.

Safari hii kura zilikuwa nusu kwa nusu, na mkono uliobaki ni wangu. Mkuu wa chuo ananijua. Akasema taratibu, huku anapanga makaratasi, kwamba jukwaa litaitwa Jukwaa la Mwalimu Khalfan. Sikumngoja amalize. Nilikuona, bwana, kofia imekaa upande, unawapigia kelele vijana uwanjani kwa Kiswahili mpaka wakajua "rudisha nyuma" na "mtazame mwenzio" hata wale ambao kwao hakisemwi. Nikakumbuka viatu ulivyowanunulia vijana wa mtaa wa Hamriya kwa mshahara wako, ukanipa mimi niwapelekee wasijue ni wewe. Nikanyanyua mkono, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Ada ikaanza muhula huu. Alkhamisi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la malipo kwa shughuli yangu, nikawa nazungumza na msichana wa uuguzi aliye mbele yangu. Anakaa Ghubra, baba yake ana teksi, na mdogo wake naye anasoma hapa hapa. Alikuwa na karatasi za ada mkononi. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Ustadh, huyu Khalfan ni nani hata nimlipe?"

Maana wameiandika hivyo, Khalfan. Ada ya Jukwaa la Mwalimu Khalfan. Nikamwambia ulikuwa rafiki yangu, na kwamba umekufa. Akasema, "Allah yarhamu," kisha akalipa, yake na ya mdogo wake.

Angenitukana ningepumua.

Nikapanda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo nikamwomba aliondoe jina lako. Hakubisha hata kidogo. "Haya, tutaiita ada ya michezo," akasema, akarudi kwenye simu yake. Jina likatoka kwa dakika moja, ada ikabaki pale pale. Hapo ndipo nilipojua nilivyonunuliwa rahisi. Nimeona haya, Khalfan, mtu mzima na mvi zangu.

Kutoka hapo nikaenda Wattaya kwa mkeo, Bi Zuwena. Nilimwogopa kuliko baraza zima, kwa kuwa alishawapigia simu jamaa mpaka Unguja kuwapa habari ya jukwaa. Nikamweleza yote, bila kujitetea. Alikuwa anakunja nguo za wajukuu, na hakuacha kukunja. "Khalfan hajapata kumtoza mtoto wa mtu hata maji," akasema. "Na wewe, Nassor, nnakuona umekuja kukaa kwangu. Kakae huko ulikonyanyulia mkono." Kahawa hakunipa. Bi Zuwena, ambaye hata fundi wa bomba hamwachi aondoke bila kahawa.

Jumapili baraza linakaa, nami nimeomba nafasi ya kusema. Nitawaambia kwamba sikuupigia kura uwanja, nilimpigia kura rafiki yangu, na pesa haikuwa yangu, ilikuwa ya watoto ambao hawakuulizwa. Nitaomba kura irudiwe. Wapo watakaocheka. Huenda wakanitoa barazani, na huenda mkataba wangu nao usitazamwe kwa jicho jema. Nimebakiwa na mwaka mmoja nistaafu, na naogopa, sikufichi. Lakini nikinyamaza, muhula ujao yule msichana atasimama tena dirishani, na mkono unaomtoza utakuwa huu ninaoandikia.

Jina lako halitakuwa ukutani, ndugu yangu. Nisamehe. Nilitamani sana kupita pale kila asubuhi nikalisoma.

Mungu akulaze mahali pema. Naishia hapa, nisije nikaghairi. Ahadi yangu ni hii: Jumapili wakiniuliza, kama si wanafunzi, nani basi alipe, nitawaambia walipe wanaotaka kwa hiari yao, na waanze na mimi.

Ndugu yako,
Nassor