Nilivyomkana Wangwe

Homa Bay, 3 Juni 1965

Mke wangu Mellen,

Mimi ni mzima. Blanketi la mtoto nimelinunua, ni zito.

Jana kaka yako Wangwe alikuja hapa kwenye kiwanda cha pamba kutafuta kibarua. Akanisalimu kwa Kikuria mbele ya watu wote. Msimamizi, ambaye huwaita Wakuria wezi wa ng'ombe, aliniuliza, "Kumbe wewe ni mmoja wao?" Hapa wananijua kama Maurice, Mjaluo.

Nikasema, "Huyu mwizi simjui."

Walicheka, wakamsukuma nje. Wangwe hakunitaja. Alisema tu, "Samahani, mzee, nimekufananisha."

Msimamizi alinipigapiga begani. "Wewe ni mtu wetu kabisa."

Mellen, nilifurahi.

Wangwe akifika nyumbani Kegonga, mpikie vizuri.

Mumeo,
Nicodemus