Samaki Wanaomwamkia Babu

Utemini,
S.L.P. 1174,
Singida.
13 Julai, 2025

Mpendwa Shangazi Loyce,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za huko Newala, naomba nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu nizaliwe mpaka juzi sikuwahi kumwambia mtu mzima neno "hapana". Nikikaribishwa chakula nami nimeshiba, nakula. Krismasi iliyopita nilikula pilau nyumba tatu, na nyumba ya nne nikaongezewa. Watu husema Eliana ana adabu. Si adabu, Shangazi, ni woga. Nimeanza na hili kwa sababu bila kulijua hutaelewa habari za samaki wetu.

Sasa niulize kama inavyotakiwa. Hamjambo nyote? Mgongo wa Mjomba Clement unaendeleaje? Gasto amezoea bweni, au bado anaandika kuomba nauli ya kurudi? Sisi huku hatujambo. Upepo wa Julai umeanza kazi yake, asubuhi tunavaa sweta juu ya sweta na mabati yanapiga kelele kana kwamba kuna mtu juu. Alizeti ya Mama imetoka vizuri. Najua ungependa nikupigie simu, lakini unanijua. Kwenye simu ningesema "nzuri" mara tatu kisha nimpe Mama. Kwenye karatasi maneno yangu hayaoni aibu.

Habari yenyewe ni hii. Baba alipata kazi ya kutengeneza tangi kubwa la vioo la kufugia samaki, liwekwe mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni. Alilitengeneza kwa upendo, ungedhani ni dirisha la kanisa. Alipomaliza, mwenye nyumba akasema amebadili mawazo, ataweka televisheni. Baba akalirudisha tangi nyumbani kwenye pikapu. Mama akauliza litakaa wapi. Baba akasema, "Hapo penye kabati la vyombo." Mazungumzo yaliyofuata nakuachia uyawaze mwenyewe. Kabati sasa liko chumbani kwangu.

Alipokwenda Dodoma kununua vioo vya kazi nyingine, Baba alirudi na samaki watano ndani ya mfuko wa maji, ameupakata safari nzima kama mtoto mchanga. Wanne wana rangi ya chungwa. Mmoja ni mweusi, ana weupe shingoni kama kola, na Noel hakuchelewa kumpa jina: Mchungaji.

Noel alinitania siku hiyohiyo. "Dada umepata marafiki sasa. Hawasemi, na wewe husemi. Mtaelewana sana."

Lakini samaki hawakuwa wangu, Shangazi. Walikuwa wa Babu.

Nadhani Baba hajakueleza Babu alivyokuwa tangu alipomtoa kijijini Misigiri baada ya kuanguka. Mguu ulipona haraka. Shida ilikuwa asubuhi. Aliamka kulipopambazuka kwa mazoea ya kukamua, akavaa koti lake na kofia, akatembea mpaka getini, akasimama. Hapakuwa na zizi, hapakuwa na ng'ombe, ni ukuta wa jirani tu. Akarudi ndani akaketi. Kila siku hivyo. Mimi nilikuwa namwona kupitia dirisha nikijiandaa kwenda shule, na sikujua la kumwambia.

Samaki walipofika, Babu alihamisha kigoda chake mpaka mbele ya tangi. Asubuhi ya kwanza aliwainamia, nao wakapanda juu wakafungua na kufumba midomo, kama ilivyo kawaida yao wanapomwona mtu. Babu akapiga kelele nyumba nzima ikaamka.

"Njooni muone! Wananiamkia! Marahaba wajukuu zangu, marahaba! Mmelalaje?"

"Babu, hao ni samaki," Noel akasema.

"Na wana adabu kukushinda wewe. Wewe hujaniamkia mpaka sasa."

Tangu hapo kila asubuhi aliwaitikia marahaba, kisha akawapa kiporo cha ugali, maana huwezi kumwacha anayekuamkia na njaa. Wageni wakaanza kuja kuwaona. Unajua nyumbani kwetu mgeni hakai bila kitu. Sasa na mgeni naye hakutaka kuondoka bila kuwapa samaki kitu. Mama Amne wa nyumba ya pili alileta vipande vya chapati. Mafundi wa Baba walidondosha makombo ya maandazi. Babu aliwapokea wote, akiwaonyesha pa kurushia.

Baada ya muda maji yakabadilika. Kwanza yalikuwa kama yamepitiwa na moshi, halafu yakawa kama maji ya kuoshea mchele, na ukisogea karibu ulisikia harufu. Samaki wakaacha kuzunguka. Wakabaki juu kabisa, mapezi yamebana ubavuni, midomo inafunguka na kufumba mchana kutwa. Kwenye mapezi ya mmoja kulikuwa na mistari myekundu kama ya damu.

Babu alifurahi! "Siku hizi wananiamkia mpaka adhuhuri," alisema. "Njaa tu hii, wanakua." Akaongeza ugali.

Mama aliona uchafu, na unajua Mama akiona uchafu. Alimwaga maji yote, akasugua vioo mpaka vikalia, akajaza maji ya bomba papo hapo, yakiwa baridi na yananuka dawa. Jioni yake samaki walikuwa na hali mbaya zaidi. Babu akasema ng'ombe akikosa raha hupewa magadi, akafungua mfuko wake alioutoa Misigiri. Baba ndiye aliyemshika mkono. Mimi nilisimama pale nyuma ya kochi.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Siku Mchungaji alipolala ubavu, Noel alitoka mbio uani akipaza sauti, "Mama! Mama! Mchungaji amezidiwa! Hapumui vizuri, amelala upande mmoja!" Mama Amne alikuwa anaanika nguo ng'ambo ya ukuta. Yeye ni Mwislamu lakini anamheshimu sana Mchungaji Simeoni wa kanisa letu, na ana moyo wa huruma. Akaacha nguo kwenye beseni, akaenda dukani kuwaambia watu. Haukupita muda akina mama wa kwaya walikuwa kwenye geti la Mchungaji Simeoni, wamejifunga khanga viunoni, mmoja ana chupa ya uji. Aliyewafungulia geti ni Mchungaji mwenyewe, ameshika ufagio.

"Jamani, nani amefariki?" akawauliza.

"Tuliambiwa ni wewe!"

Shangazi, mtaa ulicheka siku nzima. Mama Amne alijifungia ndani kwa aibu, mpaka Mama alipomfuata na mbaazi kumbembeleza.

Lakini mimi sikucheka kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeshajua samaki wanaumwa nini. Maktaba ya shule yetu ina kitabu cha ufugaji wa samaki wa mabwawani, nami nilikisoma mapumziko yote ya mchana. Niliazima pia simu ya Mama nikasoma mengine. Chakula kinachobaki kinaoza chini. Kinapooza, maji yanakuwa na sumu na hewa iliyomo inapungua. Samaki hupanda juu kuitafuta. Tangi jipya lina hatari zaidi, kwa kuwa halijapata vile vijidudu vyema vinavyokula uchafu, na vichache vilivyokuwepo Mama alishavisugua. Dawa yake siyo kitu cha kununua. Ni kuacha kuwalisha kwa muda, kuvuta uchafu wa chini kwa mpira, na kubadili maji kidogo kidogo kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana.

Hebu nifikirie mimi, Shangazi. Yale ambayo Babu aliyaita shikamoo yalikuwa ni kutweta. Kila alipoitikia marahaba na kuwapa ugali, aliwasogeza karibu na kifo. Na mtu pekee aliyelijua hilo ni mtu asiyeweza kusema hapana.

Nilijaribu njia za pembeni. Nilianza kula kiporo chote mwenyewe kabla Babu hajaamka, nikawa naenda shule tumbo limejaa kama ngoma. Babu akaanza kubakiza ugali wake wa usiku kwenye leso. Nilifunika tangi kwa khanga. Akaifunua, akasema nani huyu anawawekea wajukuu wangu giza. Nilifikiria kumwambia Baba amwambie, lakini Baba naye humwogopa Babu kuliko anavyokiri, na niliona si haki mimi nijue halafu mwingine ndiye aseme.

Alhamisi jioni Mchungaji Simeoni alikuja na mkate mzima chini ya kwapa.

"Nimekuja kumwona mgonjwa mwenzangu," alisema, na wote wakaangua kicheko. "Yuko wapi? Kumbe ndiye huyu! Mbona amependeza kunizidi?"

Babu alimkatia mkate kwa heshima zote. Walirusha pamoja, vipande vyeupe vikaelea, vikalegea, vikazama. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Neno lilifika mpaka kwenye meno, nikasema, "Mchungaji, karibu sukari."

Ijumaa asubuhi mmoja wa wale wa rangi ya chungwa alikuwa anaelea tumbo juu. Nilimkuta mimi. Mchungaji na wengine watatu walikuwa juu kwenye kona, wanatweta. Nikasikia mlango wa Babu unafunguka. Akaja na koti lake, akaketi, akafungua leso.

"Mbona huyu amelala?" akauliza.

"Amekufa, Babu."

"Pole yake. Basi hawa wale haraka wapate nguvu." Akamega tonge.

"Hapana, Babu."

Nilishangaa sauti yangu ilivyokuwa kubwa. Babu aligeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na mgeni.

"Hapana nini?"

Hapo nilihamia Kinyiramba, maana kwa Kiswahili ningesikika kama ninamfokea. Nilimwambia nikiwa nimepiga magoti pembeni ya kigoda, nikiangalia mikono yake. Nilimwambia kwamba samaki hawamwamkii. Nilimwambia kuhusu ugali unaooza chini, na hewa, na midomo. Nilisema mpaka mwisho, bila kuruka kitu.

Nje upepo ulikuwa unaburuta ndoo tupu uani.

"Kwa hiyo siku zote hizi," akasema, "mimi naitikia marahaba, na wao wanakata roho?"

"Ndiyo, Babu."

"Na wewe ulijua."

"Ndiyo, Babu. Niliogopa kukukataza."

Alilitazama lile tonge. Akalirudisha kwenye leso, akaifunga fundo, akaitia mfukoni mwa koti. Nilijiandaa kukemewa, na nadhani kukemewa kungekuwa nafuu. Badala yake aliniuliza polepole, siyo kwa hasira:

"Sasa mimi nikiamka niende wapi?"

Shangazi, kitabu hakikuwa na jibu la hilo. Nilikwenda uani nikaleta ndoo ya maji niliyoyateka jana yake, na ndoo nyingine tupu, na kipande cha mpira kutoka karakana ya Baba. Nilimtoa samaki aliyekufa nikampa Noel amzike. Nilitumbukiza mpira tangini, nikavuta kwa mdomo mpaka maji yakaja (nikayameza kidogo, usimwambie Mama), nikauelekeza kwenye ndoo tupu. Nikamshikisha Babu ncha ya tangini, nikamwonyesha kuipitisha chini penye uchafu pole pole. Aliishika kwa mikono ya mtu aliyezoea kukamua. Tuliacha ndoo ilipojaa. Kisha nilimpa kikombe, akamimina yale maji ya ndoo kidogo kidogo ukutani mwa kioo ili yasiwashtue, na mimi nikamwaga machafu kwenye mchicha. Nikajaza ndoo ya kesho bombani, nikaiweka karibu na kigoda chake, nikaifunika na sinia. Nikanawa, nikachukua begi, nikaenda shule. Nilichelewa.

Leo ni Jumapili. Wanne bado wapo. Watatu wameanza kuteremka chini, ila Mchungaji anaogelea upandeupande na sijui kama atapona. Jana Mama Amne alikuja na chapati, Babu akamzuia kwa mkono mlangoni: "Hawa wako kwenye matibabu. Chapati nipe mimi."

Nisalimie Mjomba Clement, Gasto na mdogo wangu Dorika. Baba, Mama na Noel wanawasalimu. Babu anakusalimu sana. Anasema ukitaka kuongea naye piga jioni, asubuhi ana kazi.

Mungu awape huko usingizi mzuri na mvua kwa wakati wake.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa kimya,

Eliana Hezekia