Tundu Lililopita Kipimo

Jumanne

Sikupima. Hakuna sababu nyingine.

Ile mashine ya kusagia matundu hapa karakanani haikuonyeshi inachofanya. Jiwe dogo linaingia ndani ya tundu la chuma likizunguka kwa kasi, na kila likipita linakwangua kiasi cha unywele tu. Lazima usimamishe, upime, ndipo uendelee. Mimi niliendelea tu. Tangu tumzike Mama, naweza kusimama pale saa nzima bila kuwaza kitu.

Tundu likapanuka. Bushi la pampu, ile pete ya chuma niliyokuwa naisaga, sasa limelegea na linacheza kwenye shafti, mhimili unaozunguka ndani yake, na chuma kingine cha saizi ile hatupati mpaka Ijumaa.

Mzee Guyo, mteja wetu, alitoka Garbatulla kulichukua bushi hilo. Pampu ya kisima chao imesimama, ng'ombe wana kiu. Nilitoka nje nikamwambia mwenyewe.

"Mzee, nimeliharibu. Si mashine, ni mimi."

Nilitaka anifokee. Yeye akashusha thamosi begani.

"Basi, itakuwa Ijumaa. Lakini wewe, binti yangu, leo umekula?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Akanimiminia chai kutoka kwa thamosi yake. Nikanywa nikiwa nimesimama.

Ilikuwa na sukari nyingi mno. Utamu huo, wa kwanza kwa siku nyingi, niliusikia.