Pembe Mbili Kambini

Jumanne, 7 Septemba

Lakini Derlis alisema kwa utani! Kila mtu alimsikia. Hata sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, ile sauti ninayoijua mimi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa mimi ni mke wake. Mke! Nikiliandika neno hili nalisoma tena kwa sauti. Ndoa yetu ina wiki mbili na ushee tu.

Ilikuwa Jumapili, baada ya mechi ya watani wa jadi. Ribera wamewafunga Estación, klabu ya reli, mawili bila. Derlis wangu, beki wa kati wa Ribera, jasho linamtiririka, mtangazaji wa redio kamtia kipaza sauti mdomoni. Akamuuliza Estación walikosea wapi. Naye: "Ah, hao ni watu wa reli. Wamezoea kufika mpira ukishaondoka."

Mji mzima ulicheka. Asunción yote! Mama anayeuza chipa, vile vimkate vya jibini, kwenye kona yetu keshaifanya wimbo wa kuitia wateja.

Blas hakucheka. Blas ni kaka yangu, na ni winga wa Estación. Na baba yetu alikuwa mtu wa reli — alitupa kuni kwenye tanuri la garimoshi maisha yake yote, mpaka moshi ukammaliza kifua. Tulimzika na bendera nyekundu ya Estación juu ya jeneza. Derlis alikuwa mmoja wa waliolibeba!

Alisahau tu. Ushindi unalevya kuliko pombe ya miwa. Namjua mume wangu, hana chembe ya ubaya. Jana usiku alilia.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimetoka kwa Mama. Blas alikuwa uani anapaka viatu vyake mafuta. Hakuinua uso.

"Njoo Jumapili ule kwangu, kaka. Nyumba yenyewe hujaiona."

"Nyumba ya kijani?"

"Ni nyeupe, Blas."

"Ya Ribera ni ya Ribera, hata waipake chokaa."

Ni kweli, nyumba ni ya Ribera, klabu ya kijani, wametuazima. Lakini kosa langu ni lipi?

Mama akaingilia: "Wewe mtoto, yule ni shemeji yako."

"Shemeji yangu alikuwa Derlis," akasema. "Yule wa redioni simjui."

Na ni yeye aliyemleta! Nimekaa chini ya ule mzabibu wa uani nikakumbuka yote. Enzi hizo wote wawili walikuwa timu ya vijana ya Estación, kabla Ribera hawajamchukua Derlis. Blas akaja naye siku moja ya joto la kuua, kijana mrefu, viatu vya kuazima, masikio mekundu. Baba alikuwa hai, redio yake juu ya dirisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimimina tereré, maji ya barafu juu ya majani makavu ndani ya pembe ya ng'ombe, mrija mmoja wa wote. Ya kwanza, ambayo kwa desturi ni ya Mtakatifu Tomaso, akaiacha ikanywewa na majani. Ya pili akampa mgeni. Derlis akanyonya mrija, akaniona mimi nikitoka jikoni, akababaika, akarudisha pembe na kusema asante!

Nani asiyejua? Ukisema asante, basi umetosheka, hupewi tena. Baba akampita. Akampita tena. Alasiri nzima pembe inazunguka, mgeni anaitazama ikipita mbele ya pua yake, midomo imemkauka, haya zinamzuia kuomba. Blas anacheka mpaka anashika tumbo. Mwisho nikamletea maji kwenye gudulia. Aliyanywa yote bila kupumua, akiniangalia mimi juu ya ukingo.

Nilishajua. Siku ile ile nilishajua!

Jumatatu, 13 Septemba

WOTE WAWILI wameitwa timu ya taifa! Derlis na Blas! Nimeruka jikoni mpaka chungu kikaanguka.

Mama amesema, "Jezi moja, watapatana." Nami naamini. Mtu hawezi kumnunia mwenzake na huku wamevaa rangi moja na wimbo wa taifa unapigwa.

Derlis ameondoka asubuhi kwenda kambini. Nimempigia pasi mashati, hata soksi. Sasa nyumba imekuwa kubwa ghafla. Shati lake la jana sijalifua. Nimelivaa. Nakumbuka ile wiki yetu ziwani San Bernardino — mwezi uliopita tu, lakini tayari naiona kama picha ya zamani, kingo zake zimekuwa za dhahabu. Alikuwa ananibeba mgongoni kuingia majini. Bibi mmoja ufukweni akasema, "Mtue, mwanangu, utammaliza kabla ya Krismasi!"

Ee Mungu, ninampenda hadi naona aibu.

Alhamisi, 16 Septemba

Leo ndiyo siku ya familia kambini. Afadhali nisingekwenda.

Nilibeba mkate wa mahindi na jibini, ule ambao Derlis na Blas wote wanaupenda. Nikafika wakati wa mapumziko. Chini ya paa la nyasi wachezaji walikuwa wamekaa kunywa tereré — na kulikuwa na pembe mbili! Pembe mbili, mirija miwili, maduara mawili. Huku Ribera, huku Estación. Katikati nafasi tupu ambayo ng'ombe angeweza kulala.

Sijapata kuona kitu kama hicho. Kwetu hata watu waliofikishana polisi hunyonya mrija mmoja kwanza, ndipo watukanane. Pembe ni moja! Hata matangani ni moja!

Kipa, kijana mpole kutoka Pilar, hana upande. Maskini, anakunywa huku, kisha anahamia kule anakunywa tena, asije akamuudhi mtu. Tumbo limemjaa maji, hawezi hata kuinama kufunga kamba za viatu.

Arsenio, nahodha, ambaye pia ni wa Ribera, aliponiona akapaza sauti: "Karibu huku, shemeji! Au damu bado nyekundu?"

Kutoka duara la pili mmoja akamjibu: "Mwacheni dada yetu! Nyie mlimwoa, hamkumnunua!"

Wote wakacheka isipokuwa wawili. Nikasimama juani na kikapu changu. Nikajikuta naukata ule mkate vipande viwili sawasawa, kimoja huku, kimoja kule. Mikono yangu mwenyewe! Njiani kurudi nililia kwa ajili ya huo mkate.

Kabla sijaondoka Derlis alinisindikiza mpaka kwenye uzio. Nikamwambia, nenda ukakae pale karibu na Blas, hata usiseme kitu. Hatua chache tu.

"Nikivuka pale, Zuni, nimeivua jezi ya kijani mbele ya wote. Arsenio kasema wazi. Anayewapigia Estación magoti asitegemee salamu chumba cha kuvalia."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako naye ana watu wake wanamtazama."

Akanibusu kwenye paji. Mkono wake ulikuwa baridi.

Jumapili, 19 Septemba

Sare. Bila kwa bila, na Wabolivia, nyumbani kwetu!

Nilikaa na Mama jukwaani. Wimbo wa taifa ukapigwa, nikawaona wamesimama, mtu mmoja tu katikati yao. Moyo ukanijaa. Nikakumbuka Baba alivyokuwa akitupandisha mimi na Blas juu ya ukuta wa uwanja huu huu, tuone bila tiketi, yeye chini ameshika vifundo vyetu vya miguu anauliza, "Nani ana mpira? Nani ana mpira?" Laiti angekuwepo. Au hapana, bora hakuwepo.

Kila Blas alipogusa mpira, upande wa kijani wa jukwaa ulipiga miluzi. Mchezaji wa taifa lao wenyewe! Na alipougusa Derlis, upande wa nyekundu ukaanza: "Choo-choo! Choo-choo!" kama garimoshi. Mama akawa anatafuna leso.

Kisha, mwishoni kabisa, Derlis akanyang'anya mpira, akainua kichwa. Blas yuko pembeni peke yake, hana mtu, mikono yote miwili juu. Derlis alimwona. Nilikuwa nimekaa mbali lakini namjua mume wangu, alimwona! Akampigia Arsenio, aliyekuwa katikati ya Wabolivia wawili. Mpira ukapotea.

Blas hakushusha mikono. Alibaki vile vile, mikono juu, mpaka refa akapuliza filimbi ya mwisho. Uwanja mzima ulimwona.

Kocha wao, kama anavyoniambia Derlis, hakufoka. Alisema tu: "Nina wachezaji kumi na mmoja na timu mbili." Orodha ya mechi ya ugenini ataisoma mwanzoni mwa mwezi ujao. Mpaka hapo wawili hawa wawe wamemaliza yao, la sivyo wote wawili watabaki nyumbani kusikiliza redio.

Jumatatu, 20 Septemba

Mvua. Derlis yuko nyumbani lakini hayupo. Nimemnyoa shingo.

Jumamosi, 25 Septemba

Leo kaenda mwenyewe kwa Mama! Sikumtuma. Alivaa shati la harusi.

Nilimfuata nyuma. Mama akamkalisha uani, akammiminia. Derlis akasema yote, sauti chini, macho kwenye kiti cha Baba: kwamba alikosea, kwamba yule mzee alimlisha kama mwanawe, kwamba hajui neno lile lilimtokaje. Mama akamgusa kichwa. "Yameisha, mwanangu."

Blas alikuwa mlangoni. Alisikia kila kitu.

"Ulisemea wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Lile neno. Ulilisemea wapi?"

"Redioni."

"Haya basi," akasema Blas, akaingia ndani.

Mama akataka kumwita. Derlis akamzuia. "Mwache, Mama. Ana haki." Kilichosemwa mbele za watu hakifutwi uani.

Kabla hatujafika nyumbani habari zilishafika. Arsenio alikuwa ameegemea gari lake nje kwetu, anatabasamu. Aliniuliza habari za mapishi. Kisha akamwambia mume wangu, kwa upole kabisa, kama anayempa mtu ushauri wa hali ya hewa: "Nasikia unatafuta kipaza sauti. Ukikipata, ndugu yangu, Jumatatu usijisumbue kuleta viatu. Na bi harusi aanze kukunja mapazia."

Mapazia yangu! Niliyashona mwenyewe, maua ya manjano — manjano makusudi, kama vitambaa vya meza vya harusi yetu, ili yasiwe ya kijani wala mekundu.

Derlis alikaa kitandani. Akaniuliza, "Unaipenda sana nyumba hii?"

Nikamwambia kweli. Naipenda. Nalipenda dirisha lake la jikoni, na ule mti wa lapacho wa jirani unaomwaga maua ya rangi ya waridi mpaka kwenye sinki langu. Naipenda kwa sababu humu ndimo tulimoanzia.

Halafu nikamwambia kweli nyingine. Kwamba nyumba ambayo ndugu yangu wa tumbo moja haingii, mimi naiona ni hoteli.

Akanilaza kichwa kifuani pake. Moyo wake ulikuwa unakwenda kama amecheza dakika tisini.

Ijumaa, 1 Oktoba

Siku gani hii! Naandika jikoni, mwiko mkono mmoja.

Leo ndiyo siku ya Bwana Oktoba, yule kizee wa kofia ya majani na mjeledi anayechungulia vyungu vya watu. Akikuta chungu hakijajaa, njaa inabaki nyumbani mwako mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo nimepika jopara, maharage na mahindi na nyama na jibini, chungu kizima mpaka mfuniko unacheza. Jopara yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu! Baba alikuwa akichota kijiko cha kwanza na kukimwaga mlangoni, "Kula, mzee, nenda zako." Nami nimemwaga.

Derlis aliondoka asubuhi. Hakusema anakwenda wapi. Alisema tu, "Fungulia redio saa sita."

Nilifungulia mapema kwa hofu. Kwanza bei za nyama. Kisha mtangazaji yule yule. Kisha yeye!

Alisema alitoa mzaha juu ya watu wa reli, na kwamba mzaha ule ulimwangukia maiti ambaye yeye mwenyewe alimbeba begani. Alimtaja Baba kwa jina lake lote, redioni, na kazi yake. Alisema mtu yule alifika kwa wakati maisha yake yote, aliyechelewa ni yeye Derlis. Mtangazaji akamuuliza kama Ribera wanajua amekuja. Akasema sasa wanajua. Kisha akamwomba radhi Blas. Sauti ilimkatika, wakaweka muziki.

Nikakaa chini sakafuni. Nimeolewa na mwanamume gani huyu, Mungu wangu! Nilicheka na kulia, chungu kikaanza kuungua.

Lakini sasa kuna watu nje kwenye lango. Wengi, wa Ribera, wamevaa kijani, na ngoma. Wanaimba. Nimechungulia kando ya pazia, sielewi wanaimba kwa heri au kwa shari. Derlis hajarudi.

Simu imelia. Nilidhani ni klabu. Nikaiacha kidogo, nikainua.

Ni Blas. Anapiga kutoka hotelini Encarnación, Estación wanacheza huko kesho.

"Nani hao wanaoimba?"

"Watu wa Ribera. Wako langoni."

"Yeye yuko wapi?"

"Bado njiani."

"Funga mlango wa nyuma."

"Nimefunga. Ulisikia, kaka?"

Namsikia anavuta pumzi, kama alivyokuwa akifanya utotoni akikataa kulia. Mmoja nyuma yake akapaza sauti, "Blas, njoo, basi linaondoka!"

"Umepika?" akaniuliza.

"Nimepika. Chungu kizima."

"Nitakuja, Zuni. Kabla mwezi haujaisha nitakuja. Na kama watakuwa wamewatoa hapo, niambie tu mmehamia wapi, nitafika huko huko."