Jino Lililosingiziwa

Mkuyuni, Mwanza
8 Oktoba 1961

Mpendwa Dada Mwanaharusi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Bukoba, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mji mzima unaongea habari za Uhuru, nami cherehani haipumziki kwa sare za watoto wa shule.

Uliuliza kwa nini Shangazi Mwaija amekuandikia kwamba nimeharibiwa na jino. Ni lile la nyuma. Liliniuma, nikaenda kwa daktari wa meno, akalichimba na kuliziba kwa madini yanayong'aa kama fedha. Shangazi anasema tangu siku hiyo sicheki, chakula nakiacha nusu, na wateja nawaitikia kwa kichwa. Kwa maoni yake madini yale yanavuta baridi ya ziwa na kuipeleka moyoni. Amepanga Jumamosi nikaling'oe, na jirani yetu Ndalahwa ameahidi kunisindikiza nisije nikakimbia.

Mimi nilitaka kujua kwanza. Nilijitazama kwenye kioo cha dukani, kinywa wazi, mpaka mteja akadhani taya limeteguka. Kisha nikawatafuta wenye meno yaliyozibwa. Muhidin muuza nyama anayo mawili, na kicheko chake kinasikika hadi ng'ambo ya barabara. Nilipomweleza Shangazi, alijibu kwamba Muhidin hana akili ya kutosha kupatwa na baridi. Akanipa maji ya chumvi nisukutue, na karafuu za kutafuna. Fizi zimepoa kweli, hilo simnyimi. Lakini moyo uko palepale.

Jana, akinikumbusha Jumamosi, aliniuliza jino lenyewe lilioza kwa nini, wakati tangu utoto meno yangu yalisifiwa. Dada, hapo nikalazimika kusema. Unakumbuka marehemu mke wangu alikuwa akikata miswaki ya mti, na kila alfajiri akinipa mmoja, ncha ameshaiponda ikawa laini. Mwanabaraka aliacha fungu moja juu ya kabati. Tangu tumzike sijagusa hata mmoja, na mswaki mwingine sikutaka kuutia kinywani. Niliogopa fungu lingekwisha. Huzuni ndiyo iliyotangulia, Dada. Jino lilifuata, na kuzibwa kukaja mwisho.

Shangazi alilishusha fungu, akaloweka miswaki michache, maana imekauka kama kuni, na leo alfajiri akanipa mmoja. Alisema Mwanabaraka hakuikata ili itazamwe. Nikapiga mswaki uani huku machozi yananitoka, naye akajifanya anafagia, mahali alipokwisha kufagia. Safari ya Jumamosi imefutwa.

Nimekufungia mswaki mmoja humu ndani. Uuloweke kwanza. Nisalimie shemeji na watoto. Shangazi naye anakusalimu, na anasema lile jino bado haliamini.

Ni mimi mdogo wako,
Yahaya