Karibu Tena Jangwani

Jumamosi, 3 Agosti

Tulipanga kutoka saa kumi na moja alfajiri. Tumetoka saa mbili. Sababu: kiatu. Kimoja! Siafu ana miaka miwili na mwezi mmoja na anaweza kuwachelewesha watu wazima watatu bila jasho: mimi, baba yake, na bibi yake, mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu. Kiatu kilikuwa ndani ya birika.

Mume wangu, fundi wa pampu za maji, anaendesha huku anapiga mbinja. Kwa kawaida hapigi mbinja. Mbuga tatu kwa wiki moja, zote za jangwa. Mimi nilitaka ziwa. Akasema, "Mke wangu, ziwani kila mtu anakwenda." Basi. Likizo yangu ya kwanza tangu nijifungue, zahanati wamenipa siku tisa kwa kununa — nani atazalisha, nani atazalisha — na mimi ninakwenda kuangalia mchanga.

Siafu katapika kabla hatujafika kilomita ya arobaini. Kwenye sketi yangu.

Jumapili, 4 Agosti

Mbuga ya kwanza. Miamba myekundu kama tofali zilizoungua. Watu wametoka mbali kuja kuipiga picha. Siafu kakaa kitako kwenye maegesho, akaokota kokoto, akawa anampa bibi yake moja moja. "Shika. Shika. Shika." Mama kapokea zote, mikono miwili imejaa, pua inamwasha na hawezi kujikuna.

Tumewaona choroa wawili kwa mbali, pembe kama mikuki. Nikamnyanyua mtoto: ona, ona! Kaangalia kwa makini. "Mbuzi." Mama alicheka mpaka akavua miwani.

Ila situlii. Nimezunguka hema mara sijui ngapi. Leo mume wangu ameniuliza mara nne: "Unaionaje hewa?" Hewa ni hewa! Eti hewa kavu ni nzuri kwa kifua cha mtoto. Kifua cha mtoto kina tatizo gani?

Jumatatu, 5 Agosti

Kilomita mia tatu na ishirini za vumbi mpaka mbuga ya pili. Pancha mbili. Siafu kaimba saa tatu wimbo wenye neno moja. "Gari." Sina zaidi.

Jumanne, 6 Agosti

Mtoto kaamka na joto. Magego, nadhani. Anauma kila kitu: mkanda, kofia, baba yake. Tumebaki kambini badala ya kwenda kwenye matuta ya mchanga.

Kipimajoto kilikuwa kwenye begi la Mama, naye yuko bafuni. Nikafungua mwenyewe. Chini ya kanga — mapazia. Manne. Mapya, bado yana pini za cherehani. Nani anakwenda mbugani na mapazia?

Alipotoka nikamuuliza. "Ya kukinga jua kwenye gari," akasema. Mita mbili kila moja! Nikamwambia Mama, hili gari sio basi. Akasema si "sio", ni "si". Huyu mama akiwa na la kuficha husahihisha watu.

Homa imeshuka mchana. Mume wangu kapanda kilima kutafuta mtandao. Dakika arobaini nimemwona kule juu, simu sikioni, mkono mmoja unachora hewani. Mke wake yuko hapa chini. Mama yake yuko hapa. Mtoto wake yuko hapa. Anampigia nani? Nimewaza mwanamke. Naandika ili linitoke. Mwanamke.

Jumatano, 7 Agosti

Sio mwanamke. (Si! Si mwanamke.)

Tumefika mbuga ya tatu kabla ya saa sita. Askari wa geti, mrefu, kofia imepauka kwa jua, hakuuliza tiketi. Kainama dirishani, meno yote nje: "Fundi! Karibu tena!"

Tena.

Mume wangu alituambia hajawahi kukanyaga huku. Kajikausha, macho mbele, akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Nikangoja geti lifungwe nyuma yetu.

"Tena?"

"Nitakueleza."

"Eleza."

"Mtoto amelala, tusi—"

Mtoto alikuwa macho, anakula kona ya ramani.

Basi akaeleza. Ile semina ya pampu aliyoniaga kwenda mwezi wa pili, siku sita — alikuwa hapa. Mbuga ina visima vitatu na haina fundi wa kukaa. Wanamtaka. Nyumba ipo. Amekubali? Hajakubali. Amewaambia atakuja na familia, tupaone kwanza. Simu ya kilimani ilikuwa hiyo. Mama nyuma anatazama nje kama mtu ambaye hajapata kuona kichaka maishani mwake. Alijua! Mapazia!

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, halafu nikafungiwa ndani ya gunia lenyewe pamoja na mtoto anayeota magego.

Nikamwambia kitu ninachowaambia wajawazito wangu kila siku: mficha uchi hazai. Akasema, "Ningekuambia mjini, ungekataa."

Ndiyo! Ndiyo maana mtu huulizwa!

Sijamsemesha tangu hapo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nyumba nimeiona. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji nyekundu, tangi juu ya paa, madirisha manne. Nilitaka iwe mbaya. Sio mbaya.

Mlango wa nyuma unafungukia mahali pasipo na kitu. Siafu akapaona, akachomoka. Kule kwetu, ghorofa ya tatu, kutoka mlangoni mpaka ukutani ni hatua kumi na moja — nilizihesabu nikiwa na mimba yake. Hapa kakimbia na kukimbia hadi akasimama mwenyewe, akakaa, akacheka peke yake. Furaha ikanijaa kifuani. Nikaichukia.

Kisha wakaja wanawake watano kunisalimia, wake wa wafanyakazi wa mbuga. Mmoja, mke wa dereva, mjamzito, tumbo limeshashuka. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mkunga, tumekungoja sana. Walisema unakuja mwezi huu."

Walisema! Hospitali ni saa sita kwa gari, njia ikiwa nzuri. "Mwaka jana mmoja alitufia njiani," akasema mkubwa wao, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. Wengine wakatazama sakafu.

Nikasema mimi mgeni tu, naondoka. Mke wa dereva akauachia mkono wangu taratibu. "Sawa, dada." Sawa ile! Bado iko masikioni.

Mume wangu ameniahidi kwa watu kama vipuri.

Mama kanikuta nakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Nilimwambia akuambie, mwanangu."

"Na mapazia ukashona."

"Nikashona," akakubali. "Baba yake nilimfuata vituo vitano vya kazi. Hakuniuliza hata mara moja. Huyu nilidhani nimemlea tofauti."

Tumezikunja tena pamoja.

Ijumaa, 9 Agosti

Saa nane mchana. Haraka haraka.

Asubuhi nilimwambia Mama tunaondoka leo, si kesho. Mume wangu kasikia, hakubisha. Kapakia kila kitu, kafunga kamba juu ya gari fundo baada ya fundo. Nilikuwa namfunga Siafu mkanda, ananing'ata kidole gumba, mara mkubwa wa wale wanawake huyo, mbio, kanga mkononi. Mke wa dereva. Chupa ya uzazi imepasuka tangu alfajiri. Alikuwa anajikaza. Hakutaka kumsumbua mgeni.

Hakutaka kumsumbua mgeni!

Tumemlaza kwenye godoro katika nyumba ile ya sakafu nyekundu, kwa sababu bomba lake lina maji. Uzazi wa pili. Njia imefunguka sentimita saba. Kichwa kimetangulia. Mapigo ya mtoto, kwa sikio tu, mazuri. Mumewe yuko upande wa pili wa mbuga na gari la mbuga. Lililopo ni letu. Saa sita za mashimo? Hapana. Yule wa mwaka jana alikufa hivyo hivyo. Hatoki hapa.

Uchungu kila baada ya dakika nne. Naandika katikati. Ananiuliza, "Dada, utakuwepo?" Nikamwambia pumua. Ananiuliza tena. Pumua, mama, pumua.

Mume wangu kasimama mlangoni. Uso umemshuka kama mtoto aliyevunja sahani. "Nishushe mizigo?"

Tangu juzi sikuwa nimemwambia neno. "Maji ya moto. Mengi. Na mkoba wangu mweusi wa kazi."

"Uko chini kabisa."

"Najua uko wapi."

Kaondoka mbio. Ili aufikie itabidi ashushe kila kitu. Namsikia anahangaika na mafundo yake mwenyewe. Begi limeanguka. Lingine. Siafu anashangilia kila linaloanguka.

Dakika tatu sasa, si nne. Ananiita. Naweka kalamu.